Hema la Nicole

Weston, Toronto
9 Novemba 1997

Dada yangu Épiphanie,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama Mama alivyotufundisha kumsalimu aliyetutangulia kuzaliwa. Hapa sote tuna afya. Mama Nicole bado anafanya ile kazi ya kutunza wazee. Mgongo unamsumbua, lakini hasemi mpaka umuulize. Yvan amenipita kwa urefu. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimwuliza jambo anakujibu kwa Kiingereza, na ukimkemea anakujibu kwa Kiingereza cha haraka zaidi. Mimi niko pale pale Malton, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Baridi imeshaanza kuuma masikio.

Nicole yuko shuleni. Anasoma uuguzi, mwaka wa pili sasa, na chuo chenyewe kiko mbali na mji, kwa hiyo hatumwoni sana. Watu wa Uvira walioko hapo kambini wakikuuliza, waambie hivyo.

Sasa neno lenyewe. Kanisa letu limekubali kukudhamini. Karatasi zimetiwa sahihi na zimekwenda Nairobi, kwenye ubalozi wa Kanada. Afisa wa Kanada atakuja huko Lugufu kuwahoji watu, na jina lako limo. Atakuuliza kama una ndugu huku, na kama huyo ndugu anaweza kukupokea. Jibu ndiyo, tena kwa sauti. Kazi tunayo, nyumba tunayo, na chumba cha Nicole kiko wazi, kinakungoja wewe. Tangu niliposikia umevuka ziwa huku risasi zikilia nyuma yenu, sina raha. Nataka ufike, dada. Sina ombi jingine mbele ya Mungu.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijafunga. Vijana wa kizungu hapa wamefufua mambo ya mahipi, wale wenye nywele ndefu wa siku za ujana wetu. Mtu ana nyumba ya baba yake yenye maji ya moto, anaiacha, anakwenda kulala kwenye hema porini, eti vitu vimewaharibu watu. Wanatembea pekupeku kwa makusudi. Ni watoto wa watu hao, si wetu. Wazazi wao sijui wanaficha wapi nyuso zao.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Déogratias


Kambi ya Lugufu, Kigoma
18 Januari 1998

Déo mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta baada ya Noeli, nikaisoma mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Mpe pole Mama Nicole kwa mgongo. Mwambie ajikande kwa maji ya moto na chumvi, na wewe uache kukaa kama mgeni huku yeye anapika, maana nakujua. Yvan mwambie shangazi yake atamjibu kwa Kifuliiru tuone nani atashindwa.

Sisi tuko salama. Mvua iliturarulia turubai upande wa kitanda, tukalishona kwa uzi wa gunia. Kwaya yetu ya akina mama imekua, sasa hata wanaume wanakuja kusikiliza, wanajidai wamepita njia tu. Habari ya udhamini niliwaambia wakapiga vigelegele. Nakushukuru. Wewe ulikuwa mtoto wa kulilia mgongoni mwangu, na leo unataka kunibeba.

Hao mahipi wako sikuwaelewa. Mtu mwenye nyumba hawezi kulala nje kwa kupenda. Labda wamefukuzwa na wanaona aibu kusema. Usiwacheke watu wenye shida, Déo.

Halafu nimepata bahasha ya Nicole. Ameniandikia maneno machache, na ndani ameweka picha yake. Amesimama pekupeku kwenye matope, gauni lake lina viraka, nywele zimekamatana kama za mtu asiye na kitana, ameshika ndoo ya maji, na nyuma yake kuna hema. Ameandika hivi: "Shangazi, hii ndiyo nyumba yetu sasa. Hatuna umeme. Maji tunachota kisimani. Nina furaha, usiwe na wasiwasi."

Nina furaha, usiwe na wasiwasi! Huyo mtoto alishinda kwangu kuliko kwenu mpaka mlipoondoka. Mimi ndiye niliyemfunza kwamba mtoto mwenye adabu hasemi njaa yake mbele ya watu.

Wewe umeniandikia uuguzi, yeye ameniletea hema. Sitauliza mengi. Nina swali moja tu, nalo unijibu kama ndugu, usinijibu kama bwana mkubwa wa Kanada. Mnalala wapi?

Dada yako,
Épiphanie


Weston, Toronto
1 Machi 1998

Dada,

Salamu kutoka kwetu sote. Theluji ni nyingi mwaka huu, mabasi yanachelewa, lakini kazi inaendelea. Mama Nicole amejaribu maji ya chumvi, anasema yamemsaidia. Yvan ana mitihani.

Kuhusu ile picha, nakuomba usiihangaikie. Ni mambo ya muda tu, yatapita. Siwezi kuyaandika kwenye karatasi, tutaongea ana kwa ana utakapofika. Ila nakuomba kitu kimoja: usiwaonyeshe watu. Kama ulishawaonyesha, waambie ilipigwa zamani, au mahali pengine. Watu wa kwetu unawajua kwa maneno.

Wewe jiandae kwa afisa. Hayo mengine niachie mimi.

Déogratias


Kambi ya Lugufu, Kigoma
20 Aprili 1998

Déo mdogo wangu mpenzi,

Bwana awe nanyi katika hali mliyo nayo. Sisi huku hatujambo. Dagaa wamepatikana kwa wingi mwezi huu, na kisima kipya kimechimbwa karibu, hatupigani tena kwenye foleni.

Barua yako fupi nimeielewa yote. Ulitaka kunificha, lakini mimi ndiye niliyekufuta pua, utanificha nini? Hukujibu swali langu. Mtu anayelala ndani ya nyumba akiulizwa analala wapi anajibu nyumbani, kisha anacheka. Wewe umeandika "niachie mimi."

Nisamehe, picha nilikuwa nimeshawaonyesha akina mama wa kwaya. Hawakusema baya. Waliiangalia, halafu mmoja akauliza, kwani huko nako kuna kambi? Kesho yake walikuja na vitu mikononi. Mimi sikuomba, Déo, wamechanga wenyewe: sabuni, kitenge kwa Mama Nicole, maharage, dagaa wakavu, na blanketi. Kuna muuguzi mmoja wa Kanada anayerudi kwao, ni mtu wa dini, amekubali kuufikisha mfuko kanisani kwenu, maana anwani yenu ya kweli siijui tena. Usione haya kupokea. Sisi tunajua baridi ya hema ilivyo, na ya kwenu ina theluji.

Afisa anakuja mwezi ujao. Kuna jambo nimeamua moyoni, nitakuambia likishakwisha, usije ukanizuia. Moyo wangu umetulia kabisa.

Mbusu Nicole. Mwambie hajanidanganya, nimemwelewa.

Épiphanie


Weston, Toronto
7 Juni 1998

Dada Épiphanie,

Leo sianzi na habari za mgongo wala za mabasi. Tuko wazima, na laiti ungejua tulivyo wazima.

Jumapili iliyopita Pasta Festus aliniita mbele ya kanisa. Alidhani mmetuma zawadi ya kushukuru kwa udhamini, akataka watu wote waione. Akaufungua mfuko, akatoa vitu kimoja kimoja, akakunjua kikaratasi, akakisoma kwa ile sauti yake ya mahubiri: "Kwa kaka yetu Déogratias na watoto wake, wanaolala kwenye hema huko Kanada. Sisi pia tunalala hivyo, kwa hiyo tunajua. Pokeeni kidogo hiki. Kwaya ya Akina Mama, Lugufu."

Kanisa zima liliniangalia. Nilikuwa nimevaa suti. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Nicole alisimama, akachukua lile blanketi mikononi mwa Pasta, akatoka nalo nje. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilishika ile sabuni, nikakaa chini. Nasikia aibu hata sasa ninapoandika, masikio yananiwaka.

Dada, hatulali kwenye hema. Tuna nyumba ya vyumba vitatu kwenye ghorofa, juu ya mto Humber, ina joto mpaka tunafungua dirisha. Nicole ndiye anayelala kwenye hema. Amependa mwenyewe. Uuguzi aliuacha kiangazi cha mwaka jana. Alikwenda na wenzake kusikiliza muziki kwenye bustani moja, akakutana na watu wa shamba lililoko kaskazini, akawafuata. Wale mahipi niliokuandikia nikiwacheka, nikasema ni watoto wa watu, mmoja ni wangu.

Unawajua mahipi, ila umesahau. Kumbuka ule mwaka gari lililopakwa maua lilipokuja Uvira na wazungu sita, wakalala ufukoni. Wanaume walikuwa na nywele kama za Bikira Maria kwenye kalenda. Mama aliwaona pekupeku, suruali zimechanika, akalia machozi ya kweli. Akawapikia bugali na kuku, akampa mmoja shati la Baba la Jumapili. Baba aliporudi akauliza, mke wangu, hawa wana gari, mimi nina nini? Ndio hao. Wengine walizeeka, wakarudi kwenye mabenki. Mtaa waliokuwa wakikaa hapa mjini, Yorkville, sasa unauza viatu ambavyo siwezi hata kuvishika. Lakini mambo yao yamebaki na yameingia kila mahali. Bosi wangu anavaa hereni. Mke wa Pasta ananunua mkate wa pumba. Wachache hawakurudi mjini, wakaenda mashambani, na sasa vijana kama Nicole wanawafuata.

Baada ya ile Jumapili nilipanda basi nikaenda huko shambani. Nilikuwa sijakwenda hata mara moja, nilikuwa nasema kazi imenibana. Mkubwa wao ni mzee mwenye ndevu nyeupe, wanamwita Mbegu, na hajionei haya. Akanipa chai ya majani nisiyoyajua. Akaniambia yeye alitoka Amerika akiwa kijana, wakati wanawakamata vijana kuwapeleka vitani Vietnam, akakimbilia hapa bila kitu. "Mimi na wewe sote ni wakimbizi," akasema. Hasira ilinipanda. Nilitaka kumwambia dada yangu amelala kwenye turubai kwa sababu hana pengine pa kulala, si kwa sababu amechoka na mazulia. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijawahi kukimbia risasi. Nikanywa chai.

Nilimpa Nicole ile barua yako ya mwezi wa nne, akanisomea mwenyewe, kwa kusitasita, kile Kiswahili chake cha mtoto wa miaka kumi na minne. Alipofika kwenye blanketi akaiweka barua chini. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa nini shangazi anafikiri tuna shida? Nikasema kwa sababu ya picha yako. Akasema, "Picha nilimwambia ukweli, Baba. Wewe ulimwambia nini?" Nikamwambia habari ya uuguzi. Hakunifokea. Alichukua ndoo, akaenda kuchota maji. Afadhali angenifokea.

Nilikuwa naona haya, Épiphanie. Nyinyi mmenyang'anywa nyumba, na mtoto wangu ameitupa ya kwake. Niliona nikikuandikia utasema, kumbe huko ndiko Déo alikowapeleka. Nikaona nikuvushe kwanza, uone mwenyewe, tucheke pamoja. Sikujua kwamba kunyamaza kwangu kutakwenda mbali hivyo.

Sasa nakuomba. Sijui ni jambo gani uliloamua, naogopa hata kulitaja. Kama afisa bado hajafika, mwambie ndugu yako ana nyumba. Mwambie chumba kipo na shuka limetandikwa. Nimempa Pasta barua nyingine aitume Nairobi. Nijibu haraka, hata kwa mstari mmoja.

Déo


Kambi ya Lugufu, Kigoma
23 Agosti 1998

Déogratias,

Nakusalimu. Msalimu Mama Nicole, msalimu Yvan.

Barua yako imechelewa. Huku vita vimeanza tena kwetu, umesikia redioni. Watu wapya wanavuka ziwa kila siku, na wengine ni wale waliotuaga hapa kambini mwaka jana wakisema wanarudi kulima kwao. Kwa hiyo Uvira tuisahau kwanza.

Afisa alikuja mwezi wa tano. Alikuwa kijana mpole, alikuwa na mkalimani. Akaniuliza kama nina ndugu Kanada, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ndugu yangu anaweza kunipokea, nikasema hapana. Mkalimani akadhani sikuelewa, akaniuliza tena. Nikatoa picha ya Nicole nikaiweka mezani. Nikasema, kaka yangu ameanguka, analala nje na watoto kwenye theluji, na ana haya kusema, mimi siwezi kwenda kuwa mdomo mwingine kwenye sufuria yake. Nafasi yangu mpeni mtu ambaye ndugu yake ana nyumba. Yule kijana aliiangalia picha. Akaniambia nifikiri, nikasema nimefikiri. Nikatia sahihi. Familia iliyopewa nafasi yangu imeshaondoka, nilikwenda kuwaimbia wakipanda lori.

Unajua nilitoka mle ndani namna gani, Déo? Nilitoka nikijivunia. Nilijiona nimekufanyia kitu kikubwa, na nikaomba Mungu usijue ili usione haya. Nilikuwa nalinda aibu yako. Ulikuwa na vyumba vitatu.

Pasta wako ameniandikia kwamba tunaweza kuanza upya, na foleni ni ndefu. Tutaanza. Sijakataa kuja. Lakini usiniandikie tena kwamba chumba kipo, kinaniumiza.

Na Nicole sina neno. Mambo ya kutupa nyumba siyaelewi na sitayaelewa, Mama angempikia kuku na mimi ningempiga kofi kwanza. Lakini yeye aliniambia hii ndiyo nyumba yetu, nina furaha, na ilikuwa kweli, neno kwa neno. Mimi ndiye sikumwamini, kwa sababu nilikuamini wewe. Mwambie aendelee kuniandikia.

Bado kuna jambo la kwaya. Kila tunapokutana wananiuliza kama mfuko ulifika, kama blanketi linatosha. Mama aliyetoa maharage ana watoto watano na mgao ulikuwa umepungua. Ninawajibu, umefika, wanashukuru. Sasa na mimi nimekuwa mwongo, kwa ajili yako. Nimechoka, Déo. Wiki hii nililia mbele yao na wakadhani nalilia njaa yako, wakaanza kuchanga tena. Nimewazuia kwa shida.

Mimi sitawaambia. Aibu hii ni yako, iandike wewe kwa mkono wako. Waandikie akina mama, nami nitaisoma mbele yao, yote, bila kuruka mstari. Wakicheka nitakuwa nimesimama pale pale. Wakitukana nitakuwa nimesimama pale pale. Lakini mimi sitasema lolote la kukutetea.

Épiphanie


Weston, Toronto
4 Oktoba 1998

Kwa akina mama wa kwaya, Lugufu,

Nawasalimu nyote, mmoja mmoja, na watoto wenu. Anayewasomea haya ni dada yangu, na nimemkataza asilegeze sauti yake.

Mfuko wenu ulifika. Maharage tuliyala. Dagaa niliwapeleka kwa mtoto wangu Nicole, akawagawia watu anaoishi nao, na alipowaambia wametoka kwa nani, mzee wao aliinuka mezani akaenda kusimama nje. Kitenge amekivaa mke wangu. Blanketi liko juu ya kiti sebuleni, hakuna anayethubutu kulikalia wala kulikunja.

Mliambiwa kwamba mimi na watoto wangu tunalala kwenye hema. Si kweli. Mtoto wangu mmoja analala humo kwa kupenda kwake, na siku akitaka kutoka, atatoka. Mimi niliona haya kuwaambia watu, nikanyamaza, na kwa sababu nilinyamaza dada yangu aliikataa nafasi yake ya kuja huku ili asinilemee. Mmemwona akilia. Hakuwa akililia njaa yangu.

Jina langu ni Déogratias. Nina kazi, nina nyumba, na nyumba ina joto. Uvira niliondoka kabla ya vita, kwa ndege, na suti yangu. Mimi sijawahi kulala kwenye hema hata siku moja.